Kwaya Isiyo na Mwalimu

Kaka yangu Ignace alioa mara moja na kufiwa na mke mmoja, lakini alifiwa naye kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa mara ya kwanza. Majirani wa Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, waliomsikia akilia walipopita mlangoni petu walisema mimi Godelive ninamtesa. Waseme. Waliokuwa na maneno mengi ndio hao hao ambao hawakuwahi kubisha hodi na hata kikombe cha sukari.

Babula, jiko letu la makaa, ndilo lililoanzisha yote. Mvua ya Novemba ikishika mlima wetu, baridi huingia hadi kwenye mifupa, na kila nyumba huingiza babula ndani, makaa yakiwa mekundu, ili chumba kipate joto. Mwaka ule, 1974, Madeleine mke wa Ignace alikuwa amekwenda Kasha kwa wazazi wake, mtoto wao Noëlla mgongoni. Ignace alirudi mchana kutoka kufundisha kwaya ya parokia, amelowa chapachapa. Akaingiza babula, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, akajilaza. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kumkohoza mtu, yanamlaza tu. Jirani aliyekuja kuomba moto ndiye aliyevunja mlango. Baadaye watu wakasema msiba wa kujitakia hauna kilio, kana kwamba wao siku ile ile hawakufunga milango yao na babula ndani.

Hakufa. Alipozinduka hospitalini alinijua, alimjua padri, akaimba misa nzima bila kukosea sauti, nasi tukapiga magoti tukamshukuru Mungu mapema mno. Madeleine alifika mbio kutoka Kasha, wakakumbatiana. Kisha akatoka nje kumnawisha mtoto. Aliporudi, Ignace aliinuka kitandani, uso wote umechanua.

"Madeleine! Umerudia saa ngapi ku Kasha?"

Siku ile tulicheka. Kesho yake hakuna aliyecheka, kwa maana kila Madeleine alipotoka na kuingia, alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka Kasha.

Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali hiyo hiyo, kwenye chumba cha électro. Kazi yangu ilikuwa kuwabandika wagonjwa nyaya kichwani na kuangalia kalamu za mashine zikichora mawimbi ya ubongo kwenye karatasi ndefu. Mkubwa wangu alikuwa Docteur Xavier Bulonza, mzaliwa wa Bukavu aliyesomea Ubelgiji. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, hivyo mbele za watu alikuwa citoyen, yaani raia, Bulonza. Mlango ukishafungwa alirudi kuwa Xavier, nami nikarudi kuwa Godelive. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kusema "sijuwe" pale madaktari wengine wanapokohoa na kutazama saa. Kwa hilo nilimheshimu.

Tulimlaza Ignace, nikambandika nyaya, kalamu zikaanza kazi. Docteur aliifuata karatasi kwa kidole.

"Ona, Godelive. Hii tabaka ya inje ya ubongo, le cortex, inapiga muzuri. Mawimbi yake iko sawa. Lakini ndani kabisa, kila upande wa kichwa, kuko kapande kadogo kamejikunja. Kanaitwa hippocampe. Mashine yetu haikasikie, kako mbali. Ni ku panya na ku sungura njo walitia waya ndani, wakakasikia. Munyama akitembea, akinusa, akitafuta njia, kale kapande kanapiga mapigo ya polepole, na tabaka ya inje inaingia mu mapigo ile. Vile njo vinaongea. Kale kadogo kanashika habari ya leo. Kisha, mutu akilala, bengine banawaza kanairudilia, kanairudilia, mpaka tabaka ya inje inaishika yenyewe. Ya kwake Ignace, nawaza moshi ya makala imekazima."

Ignace alikuwa akisikiliza chini ya nyaya zake. Akacheka.

"Docteur, hiyo ni kwaya tu! Kale kadogo njo mwalimu. Anapiga mesure, anashika mapigo, sauti zote zinamufuata. Bakishashika wimbo, mwalimu anaweza kwenda zake, bataimba bila yeye."

"Njo vile kabisa," docteur akasema.

"Basi mwalimu wangu amekufa."

"Nawaza vile."

"Na kwaya itaimba nyimbo za zamani tu." Kisha akajipongeza: "Lakini mufano wangu ni muzuri, eh?"

Ulikuwa mzuri. Kila tulipompeleka kwa électro aliutoa tena, neno kwa neno, na kila mara alijipongeza. Mara ya kwanza ulinifurahisha. Zilizofuata nilikuwa nikigeukia dirisha.

Tukarudi nyumbani tukaanza maisha hayo. Nilihamia kwao ili nisaidie. Madeleine hakuwa mwanamke wa kukata tamaa. Alikubali kupokewa kama mgeni kila alipotoka kisimani, akasema wanawake wangapi hupokewa hivyo na waume zao. Kitu kimoja tu kilimchosha. Alikuwa na kigoda cha miguu mitatu ambacho mama yake, Maman Eulalie, alimpa siku ya ndoa, nacho kilikaa kando ya babula. Akitoka tu, Ignace hakumruhusu mtu yeyote kukikalia. "Apana, hiyo ni ya Madeleine. Iko njiani anatoka ku Kasha." Alimkatalia padri. Alimkatalia hata Maman Eulalie mwenyewe, kwa heshima zote, akamtandikia mkeka. Yule mama alicheka hadi machozi, akakaa chini.

Mwaka mmoja na kitu baada ya ajali, homa ya tumbo ilimshika Madeleine. Tulimbeba kwenda hospitali, akapata nafuu, akaanguka tena, akafa. Nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja.

Baba yake, Papa Philémon, mshonaji wa Kasha, mtu wa sala na mgumu kama mti wa mvule uliokauka, alitaka azikwe kwao. Tulikwenda. Kaburini Ignace alinishika mkono, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kwaya isiyojua kunong'ona: "Godelive, nani amekufa?" Nikamwambia. Akaanguka juu ya udongo. Tulimwinua, tukamnywesha maji, na wimbo ulipoanza akajifuta uso, akasikiliza, akawageukia watu wa sauti ya tatu na kuwaonyesha kwa mkono kwamba wanashuka chini ya noti. Kisha akauliza tena nani amekufa.

Papa Philémon aliona yote. Alingoja kilio kitulie. Ndipo aliponiita pembeni.

"Maman Godelive, minajua moshi ilimuharibu. Sisemi alimuua mutoto wangu, wenye banasema vile ni bajinga. Lakini mwanaume asiyejua muke wake amekufa, atajua namna gani mutoto wake iko na njaa?"

Lililoniuma ni kwamba hakukosea.

Kwa watu wa Papa Philémon, siku ya kuondoa kilio mjane husimama mwenyewe mbele ya wakwe na kusema mkewe yuko wapi. Kaka hawezi kumsemea, dada hawezi. Wanasema hakuna anayemlilia mwenzake mke. Akishasema, wakwe wanakunywa kasiksi yake, pombe ya ndizi, na watoto wanabaki wake. Kilio kingeondolewa kiangazi, mwezi wa saba, uani kwetu Cimpunda. "Akijibu muzuri, Noëlla ni wake," Papa Philémon alisema. "Akisema tena Kasha, Kasha, narudia na mujukuu wangu."

Noëlla alikuwa hajatimiza miaka minne. Ignace alimjua, alimwimbia, alimkata kucha, ingawa kila asubuhi alishangaa jinsi alivyorefuka. Mtoto alikuwa amemzoea baba yake hivyo alivyo; akimwambia jambo mara nne haoni ajabu. Nilipowaza wakimbeba, sikumwonea huruma mtoto tu. Nilimwona kaka yangu akikaa mlangoni na watu wawili wa kungojea kutoka Kasha, hadi atakapokufa.

Nilimwendea docteur, nikamwuliza bila kuzunguka: je, mtu huyu anaweza kujifunza jambo moja tu?

Alifikiri sana. "Mikono inajifunza. Mazoea yanaingia na mulango ingine, ile moshi haikuigusa. Lakini habari, kama hii... Labda tabaka ya inje inaweza kuishika yenyewe, bila kale kadogo, polepole sana. Kama batu benye banasikia wimbo ku kanisa kila dimanche, siku moja banajikuta banauimba, na hakuna aliyebafundisha. Labda. Sijuwe, Godelive. Na kama unajaribu, utamuumiza."

Haba na haba hujaza kibaba, nikajiambia. Nikatunga wimbo. Mimi si mtunzi, nilichukua tu sauti ya kubembeleza watoto ambayo mama yetu alituimbia, nikaitilia maneno:

*Madeleine amelala Kasha,*
*Kasha kwa baba yake.*
*Homa ilimushika, tulimubeba,*
*hatarudia tena Cimpunda.*

Kila asubuhi, baada ya chai, Ignace aliuliza, "Madeleine iko wapi?" Sikujibu. Nilimwekea ngoma ndogo ya kwaya magotini, nikaanza kuimba. Hakuwahi kukataa, ngoma magotini kwake ilikuwa amri. Mstari wa kwanza alishika mapigo. Wa pili alinitafutia sauti ya chini, nzuri kuliko yangu. Wa tatu uso ulianza kukunjamana. Wa nne mkono ulisimama hewani.

"Nani amekufa?"

"Madeleine."

Hapo ndipo majirani walipomsikia. Alilia kama mtu aliyevunjwa mguu, akanishika nguo, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwita, alikuwa wapi yeye, mkewe alifaje peke yake. Nilimwambia hakuwa peke yake, ulimshika mkono, Ignace, ulikuwepo. Hakuniamini. Hilo lilimliza zaidi. Halafu mtoto angeita, au mvua ingeanza kugonga bati, naye angenyanyua uso uliolowa na kunitazama, hajui machozi yametoka wapi.

Kuna asubuhi alilia hadi akatapika, na Noëlla akajificha chini ya meza ameziba masikio. Siku hiyo nilijichukia. Nilipanda hadi kanisani, nikakaa benchi la nyuma, nikamwambia Mungu kwamba kama ana njia nyingine anionyeshe, na kama hana asinitazame hivyo. Kesho yake nilimwekea tena ngoma magotini.

Miezi ikapita. Mvua zikaisha, vumbi jekundu likaanza kupanda mlimani. Kilio chake kilifupika, au mimi nilikuwa nimeota sugu, sikuweza kutofautisha. Jambo moja niliona kwa macho yangu: mkono wake ulianza kupunguza mwendo kwenye mstari wa tatu, kabla sijafika kwenye neno baya. Siku nyingine alianza kupunguza tangu wa pili. Nilimwuliza kwa nini. "Sijuwe," alisema. "Wimbo njo unaomba vile." Nilimkimbilia docteur na habari hiyo nikidhani tumeshinda. Akaniuliza, na ukimwuliza Madeleine iko wapi, anajibu nini?

Anajibu Kasha. Iko njiani anarudia.

Hadi mkesha wa siku yenyewe alijibu hivyo. Nilijaribu mara ya mwisho nikimnyoa nywele za kilio. Nikapiga moyo konde, nikakunja nguo chache za Noëlla, nikaziweka kwenye kikapu karibu na mlango, ili mambo yakiharibika yasichukue muda mrefu.

Walikuja kutoka Kasha asubuhi, wengi, kwa miguu. Uani mikeka ilijaa. Wanakwaya walikaa nyuma kwenye ukuta, wamevaa vizuri, kimya. Docteur Xavier alikuja pia akasimama karibu na mlango kama mtu asiyetaka kuonekana. Maman Eulalie hakuwa amefika. Miguu ilimuuma, alikuwa akipanda mlima polepole nyuma ya wenzake. Papa Philémon hakumngoja. Nadhani alitaka liishe kabla moyo wake haujalegea.

"Ignace mutoto wangu, simama."

Ignace akasimama. Suti yake ya ndoa ilimpwaya.

"Muke wako iko wapi?"

Nilimtazama midomo. Niliomba, nikiwa nimeuma kitenge changu kwa meno.

"Alienda Kasha, Papa," Ignace akajibu kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo rahisi. "Kwenu. Hamukumuona?"

Mwanamke mmoja aliguna. Papa Philémon alifumba macho, akayafumbua. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Mumesikia," alisema. Akamnyooshea Noëlla mkono, na mtoto, aliyefundishwa heshima, akaenda akamshika babu yake. Nikainuka kufuata kikapu.

Wakati huo Maman Eulalie aliingia uani, anahema, anaegemea fimbo. Hakujua lililopita. Alitafuta pa kukaa na hapakuwa na pa kukaa, mikeka yote ina watu, na kwa magoti yake mkeka ulikuwa chini mno. Watu walianza kusogeana. Ignace alimwona. Akaingia ndani, akatoka na kigoda cha miguu mitatu, akakipangusa kwa mkono wa koti, akakiweka mbele yake.

"Ikala, maman."

Sisi wa nyumba ile tulisimama kama tulivyokuwa. Nilishika kikapu mkononi. Maman Eulalie alikitazama kigoda, akamtazama Ignace. Alikijua, ni yeye aliyekitoa, na ni yeye aliyekataliwa.

"Hii ni ya Madeleine," alisema polepole. "Nikiikalia, yeye ataikala wapi?"

Ignace alifungua kinywa. Nilijua jibu, nililisikia karibu miaka miwili. Halikuja. Alisimama na kinywa wazi, kichwa kimeinama kidogo, hivyo anavyosimama mwanakwaya anayetafuta noti ya kwanza na mwalimu hayupo wa kumpa. Mkono wake wa kuume ulianza kupiga kwenye paja, polepole.

"Madeleine hataikala tena," alisema.

Akashangaa kujisikia. Aligeuka akanitazama, kana kwamba ni mimi niliyesema. Kisha akalia, na kilio hiki sikukijua. Hakuanguka, hakushika nguo za mtu. Alilia amesimama, bila sauti, kama wanavyolia watu waliofiwa zamani.

Maman Eulalie alikaa kwenye kigoda cha binti yake. "Philémon," alisema, "mupe mutu mutoto wake. Anajua."

Papa Philémon aliachia mkono wa Noëlla. Alivuka ua, akamkumbatia Ignace, na kwa mara ya kwanza tangu kaburini nilimwona mzee yule akilia, mabega yote. Walikaa hivyo muda mrefu. Wanakwaya wakaanza kuimba taratibu. Hata docteur alikuwa amevua miwani.

Ignace ndiye aliyetulia kwanza. Alimtazama mzee aliyemlilia begani, akatazama mikeka na mitungi ya kasiksi.

"Papa Philémon," aliuliza kwa upole, "nani amekufa?"

Papa Philémon alijifuta uso.

"Ni mutoto wangu, Ignace."

"Lo! Pole sana, papa," Ignace akasema, akamvuta tena begani, akampigapiga mgongoni. "Pole sana."

Kasiksi ilinywewa. Noëlla alilala kwa baba yake usiku ule. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na jioni yake niliosha vikombe nikiimba.

Asubuhi nilimpa Ignace chai. Akainywa, akamkatia mtoto mkate, akautazama mvuke juu ya ziwa kule chini. Kigoda kilikuwa kando ya babula. Noëlla akaja akakikalia, naye hakumkataza. Nilikaa mbele yake, ngoma iko tayari magotini kwangu, nikingoja aniulize Madeleine yuko wapi. Nilingoja mpaka chai yangu ikapoa.